Sewall Wright na Mishale ya Sababu

Barabara itokayo Kitale kupitia Kiminini na Webuye hadi Bungoma imepakana na mahindi pande zote. Katika mashamba hayo, mtafiti mwenye hojaji huenda akakuta mambo matatu yakiandamana: ziara za afisa wa kilimo, mbegu chotara na wingi wa magunia. Je, afisa alileta mbegu, na mbegu ikaleta mavuno? Au afisa humwendea yule ambaye tayari ana ghala lililojaa? Fumbo la aina hii lilimshughulisha, karne moja iliyopita, Mmarekani mmoja mfuga simbilisi.

Sewall Wright alizaliwa tarehe 21 Desemba 1889 huko Melrose, Massachusetts, akalelewa Galesburg, Illinois. Babake, Philip, alifundisha hisabati na uchumi katika Chuo cha Lombard, na alikuwa mpenzi wa ushairi mwenye mtambo wake wa kuchapisha. Wanafasihi watafurahi kujua kwamba vijitabu vya kwanza vya mshairi Carl Sandburg vilitoka katika mtambo huo. Wazazi wa Sewall walikuwa binamu. Naye, kana kwamba ni kwa kudra, alikuja kuchunguza athari za kuzaliana kwa jamaa.

Alihitimu shahada ya uzamifu Harvard mwaka 1915, akaajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Huko alikabidhiwa koo za simbilisi zilizokuwa zikizalishwa ndugu kwa ndugu tangu 1906. Wanyama hao walikuwa na mabaka meupe, baadhi mengi, baadhi machache. Urithi ulichangia kiasi gani? Wright alichora mishale kutoka kila sababu hadi tokeo lake, akaupa kila mshale uzito. Uwiano wa vitu viwili ulipatikana kwa kuzidisha uzito wa mishale katika kila njia inayoviunganisha, kisha kujumlisha njia zote. Mnamo 1920 alionyesha kwamba katika kundi lililozaliana kiholela, urithi ulieleza takriban asilimia 42 ya tofauti za mabaka; katika ukoo wa ndugu kwa ndugu, kama asilimia 3 tu. Mwaka 1925 aliyageukia mahindi yenyewe, akaeleza jinsi mavuno na bei yake vinavyoathiri ufugaji wa nguruwe.

Hakusifiwa. Mwaka 1922 Henry Niles, aliyefuata fikra za Karl Pearson, alimshutumu vikali kwa kudai kutoa sababu kutokana na uwiano. Wright alijibu mwaka uliofuata kwamba hakudai hivyo kamwe: mishale hutokana na maarifa aliyo nayo mtafiti, na hesabu huja baadaye kuipima. Jibu hilo ndilo urithi wake mkubwa, ingawa ndilo linalosahaulika upesi zaidi.

Wanasosholojia walimgundua kwa kuchelewa, hasa kupitia Otis Dudley Duncan mwaka 1966. Katika miaka ya 1970 Mswidi Karl Jöreskog aliiunganisha mishale hiyo na uchanganuzi wa vipengele ulioanzishwa na Charles Spearman mwaka 1904. Hivyo hata jambo lisiloonekana, mathalan mtazamo wa mtu kuhusu lugha, liliweza kuingizwa mchoroni kupitia majibu ya hojaji. Hizo ndizo modeli za milinganyo ya kimuundo, ambazo leo kompyuta huzikokotoa kwa sekunde chache.

Wepesi huo una hatari. Mchoro wa ziara, mbegu na mavuno ukigeuzwa mishale yote miwili, ukaanza na mavuno na kuishia kwa ziara, utaafikiana na data ya Bungoma kwa kiwango kile kile. Kompyuta haitanung'unika. Anayejua ni yule aliyemuuliza mkulima afisa alifika msimu gani, na kabla ya hapo alikuwa akivuna magunia mangapi. Asiyeuliza anaweza kuishauri serikali iongeze maafisa mahali ambapo mkulima alikosa pesa za mbolea.

Wright alifundisha Chicago kuanzia 1926 hadi 1954, kisha Wisconsin, na hata baada ya kustaafu hakuacha kuandika. Makala yake ya mwisho ilitoka mwaka 1988. Tarehe 3 Machi mwaka huo alifariki mjini Madison, akiwa na umri wa miaka 98, baada ya kuteleza kwenye barafu akiwa matembezini.