ROBERT TAYLOR, ALIYECHORA SHULE ZA WATOTO WALIOSAHAULIWA

Mwezi huu tunawaletea maisha ya fundi mmoja ambaye kazi yake inawahusu sana wazazi wa hapa kambini.

Robert Robinson Taylor alizaliwa mwaka 1868 huko Wilmington, Marekani, miaka 3 tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Baba yake alikuwa seremala, naye alijifunza ujenzi kwake. Mwaka 1892 alimaliza masomo ya kuchora majengo katika chuo cha MIT, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu hapo.

Booker T. Washington alimwita Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kwenye shule ya watu weusi. Alifundisha huku akichora majengo, na wanafunzi wakafyatua matofali na kujenga wenyewe. Kanisa la shule lilikamilika mwaka 1898.

Wakati huo watoto weusi wa vijijini walisomea katika vibanda vibovu au makanisani, kwa maana serikali za majimbo ziliwapa fedha kidogo mno. Mwaka 1915 Tuskegee ilitoa kitabu cha ramani za shule za vijijini, na Taylor alikuwa mmoja wa waliozichora. Zilikuwa ramani rahisi, zenye madirisha makubwa ya kuingiza mwanga mahali pasipo na umeme.

Tajiri Julius Rosenwald alitoa sehemu ya gharama. Wazazi, ambao walikuwa wamekwisha kulipa kodi, walitoa tena fedha, ardhi, mbao na nguvu zao. Haikuwa haki walipe mara mbili, lakini hawakukubali watoto wao wakue bila kusoma. Kufikia mwaka 1932, kwa ramani hizo na nyingine zilizofuata, majengo zaidi ya 5,300 yalikuwa yamejengwa.

Mwaka 1929 Taylor alikwenda Liberia kupanga shule ya ufundi. Desemba 1942 alifariki akiwa ibadani, katika kanisa lile lile alilolichora Tuskegee.

Ndugu wazazi, wenye wajibu wa kutujengea shule tuendelee kuwadai bila kuchoka. Lakini tunapodai, mikono yetu isilale. Miongoni mwetu wamo maseremala, waashi na walimu. Kila mmoja ajiulize atatoa nini ili watoto wapate darasa lenye mwanga. Mungu awabariki.