AMÍLCAR CABRAL NA ASKARI ZAKE



Sisi wa mwaka wa sita tumepewa ukurasa huu kueleza maisha ya mtu mmoja mkubwa wa Afrika. Tumemchagua Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau, juu ya jambo moja alilofanya na askari zake.

Inchi hiyo ni ndogo, kilometa mraba 36,000 hivi; haifiki hata Kivu ya Kusini. Cabral alizaliwa kule, mji wa Bafatá, tarehe 12 Septemba 1924. Wazazi wake walikuwa watu wa visiwa vya Cabo Verde, na baba yake alikuwa mwalimu. Yeye alisoma sekondari ku visiwa vile, na katika miaka ya 1940 aliona njaa iliyoua maelfu ya watu. Mwaka 1945 akaenda Lisbon kujifunza kilimo. Aliporudi, mwaka 1953, serikali ya Wareno ikamtuma kuhesabu mashamba ya Guinea. Akatembea kijiji kwa kijiji, akiuliza wakulima wanalima nini na wanavuna kiasi gani. Wareno walitaka hesabu ya karanga na mpunga. Yeye akapata kujua watu wenyewe na shida zao.

Mwaka 1956 yeye na wenzake wachache walianzisha kwa siri chama cha PAIGC, kudai uhuru wa Guinea na wa Cabo Verde. Tarehe 3 Agosti 1959 wafanyakazi wa bandari ya Bissau, pale Pidjiguiti, waligoma juu ya mshahara. Walipigwa risasi, karibu 50 wakafa. Ndipo chama kikaona maneno matupu hayatoshi. Januari 1963 vita ilianza, ku Tite.

Sasa tufike kwenye lile jambo. Vita ilienda mbele upesi, lakini makamanda wengine walianza kujiona wafalme wadogo. Katika vijiji walivyokomboa, walitesa raia. Watu wakaanza kuogopa bunduki ya ndugu sawa na ile ya Mreno. Februari 1964 Cabral aliita mkutano ku Cassacá, wakati mapigano yalikuwa yakiendelea kisiwa cha Como. Mwingine angengoja vita iishe kwanza. Yeye hakungoja. Makamanda wenye makosa walishitakiwa, wakanyang'anywa vyeo, na wengine wakaadhibiwa vikali. Kisha wakaunda jeshi moja, FARP, likiwa chini ya chama, si juu yake. Katika vijiji kukawekwa shule, dawa, na maduka ya kubadilisha mpunga kwa nguo na vyombo. Tena kila kijiji kikawa na kamati ya watu watano, na wanawake wasipungue wawili.

Usiku wa 20 Januari 1973, ku Conakry, Cabral aliuawa. Alikuwa na miaka 48. Aliyempiga risasi hakuwa Mreno. Alikuwa mtu wa chama chake, kamanda wa majini. Uhuru ulitangazwa bila yeye, tarehe 24 Septemba 1973, na Ureno ikaukubali mwaka uliofuata.

Na lile jeshi? Tarehe 14 Novemba 1980 lilipindua serikali, na mpango wa kuunganisha Guinea na Cabo Verde ukavunjika. João Bernardo Vieira, aliyeongoza mapinduzi yale, naye aliuawa na askari mwaka 2009, akiwa rais. Kumbe somo la Cassacá halifundishwi mara moja likaisha.

Sisi makapita wa masomo hatuna bunduki. Tuko na kengele, na daftari ya majina ya wenye makosa. Lakini tuseme kweli: muhula uliopita tulifuta jina la rafiki yetu, tukaacha la mdogo wa mwaka wa kwanza, na kosa lao lilikuwa moja. Yule mdogo alifyeka majani peke yake. Tulipofika ku habari ya Cassacá, kalamu ilitushinda. Basi tumepatana hivi: kila Jumamosi daftari itasomwa mbele ya wote, na makosa yetu makapita yasomwe ya kwanza. Mukiona tumesahau, mutukumbushe bila woga.