Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba

Kusini ya mji wa Zanzibar kuna kijiji kiitwacho Fumba. Kijiji hiki kiko ukingoni mwa bahari. Wanaume wa Fumba walikuwa wavuvi na wakulima. Wanawake walifinyanga vyungu. Hapo ndipo alipozaliwa Siti binti Saad, karibu na mwaka 1880.

Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake alikuwa Mzigua. Walikuwa watu maskini wenye asili ya utumwa. Wakati huo utumwa ulikuwa bado upo Unguja. Sheria ya kuukomesha ilitolewa mwaka 1897. Mtoto huyu alipewa jina la Mtumwa.

Mtumwa hakwenda shule. Alijifunza kazi ya mama yake, kazi ya udongo. Vyungu vilipokwisha kuchomwa, alijitwika kichwani akaenda kuviuza mjini. Alipita vichochoroni akivinadi kwa sauti. Sauti yake ilikuwa nzuri na yenye nguvu. Inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti hiyo kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mpiga taarabu wa chama cha Nadi Ikhwan Safaa. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1905. Mtu huyo alimfundisha kuimba pamoja na ala za muziki. Mtumwa alikuwa mtu mzima tayari, lakini hakuona haya kujifunza. Alishika nyimbo kwa moyo, moja baada ya moja.

Siku hizo taarabu ilikuwa muziki wa wakubwa. Ilipigwa katika jumba la Sultani na katika nyumba za matajiri. Waimbaji walikuwa wanaume, nao waliimba kwa Kiarabu. Watu wengi hawakufahamu maana yake. Yeye aliimba kwa Kiswahili. Sasa mchukuzi, mvuvi na mchuma karafuu waliweza kufahamu kila neno. Alialikwa na wakubwa, na pia aliwaimbia watu wa Ng'ambo, mtaa wa wanyonge.

Sifa zake zilipoenea, alipewa jina jipya. Aliitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Hivyo aliyezaliwa Mtumwa akawa Siti.

Lakini heshima haikuja bila maudhi. Watu wenye wivu walimcheka kwa sura yake na kwa asili yake. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo. Aliwaeleza kuwa mtu hupimwa kwa akili na tabia yake, wala si kwa uzuri wa uso wala kwa ukoo.

Nyimbo zake hazikuwa za mapenzi tu. Alisema pia juu ya dhuluma. Wimbo wake mmoja mashuhuri ulihusu mwanamke aliyeuawa. Muuaji alikimbilia bara, na mashahidi ndio waliofungwa. Hivyo walionyimwa haki walipata mtu wa kuwasemea.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, India. Miongoni mwao walikuwa Subeti bin Ambari, Mbaruku na Mwalimu Shaaban. Huko nyimbo zao zilitiwa katika santuri. Santuri hizo ziliuzwa kwa maelfu. Zilisikika Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na mbali zaidi. Watu walikusanyika penye kinanda cha santuri kumsikiliza binti wa Fumba.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950. Mwandishi mashuhuri Shaaban Robert aliandika kitabu cha maisha yake. Baadaye chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania kilianzisha gazeti kikaliita Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo zake mpaka uzeeni.

Siti hakuchagua mahali pa kuzaliwa wala jina la kwanza. Lakini alipopata nafasi ya kujifunza, hakuiacha ipite. Nasi tuliojifunza kusoma ukubwani tunaweza kumfahamu vizuri.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini watu wengi waliipenda taarabu ya Siti?
2. Siti aliwajibu vipi waliomcheka?
3. Katika kijiji chenu, ni nani anayewasemea wanyonge?