Bwana Speke na Ugonjwa wa Macho

John Hanning Speke alizaliwa Uingereza mwaka 1827. Tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa macho wenye kwenda na kurudi. Ulipomrudia, macho yalivimba kwa ndani, yakamwuma, na nuru ikamchoma. Hata kusoma kulikuwa taabu kwake.

Mwaka 1857 alitoka pwani pamoja na Richard Burton kwenda bara. Njiani homa na jua kali viliuamsha ugonjwa ule. Basi Februari 1858, walipofika Ziwa Tanganyika, Burton alifurahi kuliona, lakini Speke aliona ukungu tu.

Wakarudi Kaze, karibu na Tabora, na Burton akabaki huko, maana alikuwa mgonjwa. Macho ya Speke yalikuwa bado dhaifu, lakini tarehe 9 Julai alishika njia ya kaskazini. Alivaa miwani ya kijivu ili kupunguza mwanga; watu wakasongamana kuitazama, hata ikambidi aitie mfukoni na kuvumilia. Katika mazungumzo alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, aliyejua Kihindi na Kiswahili.

Wakapita Nindo na Salawe, katika nchi ya Shinyanga, na tarehe 3 Agosti, huko Mwanza, Speke akaliona ziwa kubwa ambalo Wasukuma walilijua tangu kale. Yeye akaliita Victoria.

Alikufa mwaka 1864 kwa ajali ya bunduki. Hakungoja apone kabisa ndipo asafiri. Alijikinga alivyoweza, wala hakuona haya kusaidiwa.