Sayyid Barghash na mnara wa taa wa Forodhani

Mvuvi akichelewa kurudi usiku, mwenzake aliyeko ufukweni humulika tochi mara mbili tatu, naye hujua pa kuelekea. Hapana waya wala simu. Mwanga wenyewe ndio ujumbe. Leo tunawaletea maisha ya Sayyid Barghash bin Said, mtawala wa Zanzibar ambaye kasri lake lilisimama na mnara wa taa mbele yake.

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said, aliyehamisha makao ya utawala wake kutoka Muscat kuja Unguja. Baba alipofariki mwaka 1856, Zanzibar ilitawaliwa na Majid, kaka yake Barghash. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, India.

Alitawazwa Oktoba 1870, baada ya Majid kufariki. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Hata hivyo alijenga. Alileta mjini maji ya bomba kutoka Chemchem, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jengo linalokumbukwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Mbele yake, ukingoni mwa bahari, ulisimama mnara mrefu wenye saa na taa. Usiku nahodha aliuona mwanga, akajua bandari iko wapi.

Lakini mwanga hauendi mbali kuliko jicho linavyoweza kuona. Kwa habari za ng'ambo, Zanzibar ilitegemea waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden, uliofika mwaka 1879. Na bandari iliyokuwa wazi kwa wafanyabiashara ilikuwa wazi kwa manowari pia. Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya kasri na kumlazimisha Barghash akubali madai yao ya bara. Mwaka uliofuata, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba utawala wake bara ubakie hasa kwenye ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10.

Alifariki Machi 1888. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya mwanawe Khalid kutwaa kasri bila idhini ya Waingereza, manowari zao zilipiga makombora kwa muda usiofika saa moja. Mnara wa taa uliharibiwa, ukabomolewa. Mnara mwingine wa saa ukajengwa kwenye Beit al-Ajaib yenyewe, nao ulianguka pamoja na sehemu ya jengo hilo Desemba 2020.

Siku hizi wahandisi hupitisha intaneti kwenye mwanga wa taa za LED. Taa huwaka na kufifia kwa kasi ambayo jicho halioni, na kifaa maalumu husoma mabadiliko hayo kama herufi. Teknolojia hiyo huitwa Li-Fi, jina lililotolewa na Profesa Harald Haas mwaka 2011. Kikwazo chake kinafanana na cha mnara wa Barghash: ukuta ukisimama katikati, ujumbe haupiti.

Basi msikilizaji, ukifika Forodhani jioni, tazama upande wa bahari. Hapo ndipo taa ile ilipokuwa ikiwaonyesha mabaharia njia ya mjini.