Peter Mkuu: Mtoto wa mizinga ya mbao aliyeunda jeshi la Urusi

WATAWALA wengi huanza kujishughulisha na silaha wakiwa watu wazima. Peter Mkuu wa Urusi, aliyezaliwa mjini Moscow mwaka wa 1672, alianza na mizinga midogo ya mbao aliyotengenezewa kuchezea, na mapenzi hayo hayakumtoka hadi alipofariki mwaka wa 1725.

Haukuwa mchezo wa kitoto tu. Mnamo Mei 1682, kabla hajatimiza miaka 10, askari walinzi wa jiji walivamia kasri na kuwaua jamaa za mamake, baadhi yao mbele ya macho yake. Dadake wa mama mwingine, Sophia, akashika hatamu kwa niaba yake na ya nduguye Ivan. Peter na mamake wakawa wanaishi zaidi kijijini Preobrazhenskoye, na huko ndiko alikoyageuza machezo kuwa jeshi. Aliwakusanya vijana, watoto wa makabaila kwa watoto wa watumishi, akawapa sare na bunduki. Mwaka wa 1683, siku alipotimiza miaka 11, mizinga ya kweli ilipigwa kwa heshima yake.

Sophia aliyapuuza hayo, na kupuuza huko kulimponza. Mwaka wa 1689 Peter aliposikia kwamba anawindwa, alitoroka usiku hadi kwenye monasteri, na vikosi vile vya mchezo vikamfuata kumlinda. Sophia akaishia kufungiwa katika nyumba ya watawa.

Mwaka wa 1697, akisafiri Ulaya kwa jina la kubandika, alisomea kupiga mizinga mjini Königsberg, akapewa cheti kama mwanafunzi yeyote. Lakini mnamo Novemba 1700 Waswidi walimshinda vibaya huko Narva na kumpokonya mizinga yake karibu yote. Alichofanya baada ya hapo kiliwashtua waumini: aliamuru kengele za makanisa ziyeyushwe. Mizinga zaidi ya 200 ilisubiwa katika muda wa mwaka mmoja hivi, na mwaka wa 1709 Waswidi hao hao wakasambaratishwa huko Poltava.

Ajabu ni kwamba mtu huyo asiyezionea huruma kengele aliionea huruma mizinga mikuukuu. Alipoanzisha mji wa Saint Petersburg mwaka wa 1703, aliagiza silaha za kale zihifadhiwe katika ngome yake badala ya kuyeyushwa. Jumba la makumbusho ya mizinga mjini humo linahesabu umri wake tangu mwaka huo. Mnamo 1718 alitoa amri nyingine, raia wapeleke kwa serikali kila kitu cha ajabu walichokiokota, zikiwemo silaha za zamani, nao walipwe. Mwaka huo huo mwanawe Alexei alifia kizuizini baada ya kuteswa. Huyo naye ndiye Peter, na wanaomsifu wasimsahau.

Kwetu Waafrika lipo jingine. Abram Gannibal, mtoto wa Kiafrika aliyetolewa Istanbul, alilelewa na Peter kama mwanawe wa ubatizo, akasomeshwa uhandisi na mizinga nchini Ufaransa, akaja kuwa jenerali. Mshairi Alexander Pushkin ni kitukuu chake. Wasomi wangali wanabishana iwapo alizaliwa upande wa Ethiopia na Eritrea au karibu na Ziwa Chad.

Miongoni mwa vitu vyote alivyohifadhi, Peter alikienzi zaidi chombo kimoja: mashua kuukuu aliyoikuta ghalani huko Izmailovo mwaka wa 1688, ambayo ilimfundisha kusafiri kwa tanga. Ilikuwa na vizinga vinne vidogo. Mnamo Agosti 1723 aliipitisha mbele ya manowari zake karibu na Kronstadt, mwenyewe akishika usukani huku maamiri wakipiga makasia. Manowari ziliipigia mizinga ya heshima, na vizinga vyake vidogo vikajibu. Mashua hiyo ingali inatunzwa katika jumba la makumbusho ya wanamaji, Saint Petersburg.