Paul Avery: Ripota wa Ukweli Aliyetumiwa Kadi ya Kifo na Zodiac

Kama ushawahi kucheki Zodiac, ile muvi ya David Fincher ya 2007, basi unamkumbuka yule ripota wa fegi na pombe aliyeigizwa na Robert Downey Jr., mwaka mmoja tu kabla tumjue kama Iron Man. Huyo msee alikuwepo kweli. Jina lake Paul Avery, na maisha yake yalikuwa noma kuliko vile muvi ilionyesha.

Avery alizaliwa Honolulu, Hawaii, mwaka wa 1934. Mwaka wa 1959 akapata mboka San Francisco Chronicle, gazeti kubwa la mji huo kule Marekani. Vita vya Vietnam vilipochacha, akaenda huko kuripoti. Hatari alikuwa ameizoea.

Aliporudi, ngori ilimpata nyumbani. Mwaka wa 1969, muuaji fulani alianza kutumia magazeti barua akijisifu vile alikuwa anaua watu, na zingine zilikuwa na mafumbo ya kuvunja kichwa. Alijiita Zodiac. Oktoba mwaka huo alipiga risasi dereva wa teksi pale San Francisco, kisha akatumia Chronicle kipande cha shati ya marehemu, chenye damu, ndio wasidhani anabonga tu. Makarao wanasema aliua watu 5, na wengine 2 wakaponea.

Avery ndiye alikuwa anaandika hizo stori. Ukiandika jina lako juu ya stori kama hiyo, hata muuaji anakusoma. Oktoba 1970, Zodiac akamtumia kadi ya Halloween yenye mifupa ya mtu, na ujumbe ulikuwa wazi: siku zake zinahesabika. Avery akaanza kutembea na mguu wa kuku. Mabeshte wake kazini nao wakadunga beji za kutangaza kwamba wao si Paul Avery. Mzaha, lakini wa watu wenye wameshikwa na baridi.

Hakuhepa. Habari za kadi zilipoenea, mtu asiyejitaja akamwandikia kuhusu msichana wa chuo aliyeuawa Riverside, kusini mwa California, mwaka wa 1966. Avery akafuata hiyo njia mpaka huko, na Novemba akachapisha kwamba huenda Zodiac alianza mapema. Hadi leo makarao wa Riverside wanakataa, wanasema huyo alikuwa muuaji mwingine.

Muvi inamwonyesha kama mtu aliyeisha. Ukweli ni kwamba alichapa kazi miaka mingi baadaye. Patty Hearst, mjukuu wa tajiri wa magazeti, alipotekwa mwaka wa 1974, Avery alikuwa kwa hiyo stori pia, na 1977 akatoa kitabu na mwenzake kuhusu genge lililomteka. Alifanya kazi Sacramento Bee, kisha San Francisco Examiner, akastaafu 1994.

Zodiac hakuwahi kumgusa. Kilichommaliza ni mapafu, Desemba 2000, akiwa na miaka 66. Majivu yake yalimwagwa kwenye ghuba ya San Francisco.

Miaka 20 baadaye, Desemba 2020, fumbo moja alilotumia Zodiac 1969 lilifunguliwa hatimaye. Ndani hakukuwa na jina. Kwa hivyo jina la ripota tunalijua. La muuaji, bado.